Hali: Amefariki

Jumanne, 2 Juni 2015

Baridi kali asubuhi. Nimefika ofisini kabla ya wote, nikawasha jenereta, nikapangusa vumbi jekundu kwenye kompyuta kwa pindo la kanga. Kasulu bila vumbi haipo mwezi huu.

Karatasi za basi namba kumi na saba zimeletwa kutoka kambini. Wakimbizi wake wameingilia mpaka wa Manyovu, wote wa kilima kimoja, ndivyo wanavyoita kijiji huko Burundi. Mwandiko wa karani wa mapokezi unaumiza macho.

Kumwandika mtu mmoja upya ni safu ishirini na mbili. Jina pamoja na la baba, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, kilima, basi, tarehe ya kuingia, hali, na mengine. Leo nimepata njia ya mkato. Kwenye jedwali tayari kulikuwa na mtu mmoja wa basi hilo, mzee aitwaye Mathias. Nikaandika amri: chukua mstari wake, unakili humo humo mara ishirini na tatu, kila nakala na namba yake mpya. Kilima, basi, tarehe, vyote vikajijaza. Halafu amri ya kurekebisha, UPDATE, mmoja mmoja: badilisha jina, jinsia na mwaka pale ambapo namba ni hii. Kwa muda wa saa moja na nusu nikawa nimemaliza. Kwa kuandika upya ingekuwa siku nzima.

Nimejisifu mwenyewe.

Jumatano, 3 Juni

Bwana Lutengano, mkuu wangu, ameiona kazi ya jana. Amesema ndivyo inavyotakiwa. Mabasi yanayokuja ni mengi kuliko vidole vyetu.

Jumatatu, 15 Juni

Leo nimempa mtu habari ya msiba. Sijawahi.

Alikuja kwa basi la kwanza kutoka Kibondo. Anaitwa Filberti, mkulima wa Kumsenga, miaka arobaini na kitu. Koti la suti, kandambili, kofia mkononi. Mama yake alivuka mpaka naye mgongoni mwaka wa sabini na mbili. Dada yake mkubwa, Konsolata, aliachwa kwa shangazi yao. Yeye na mama siku hizi ni raia wa hapa. Dada alibaki kule, wakaonana mara mbili tu miaka yote hiyo. Mwezi uliopita mtu mmoja akamwambia kwamba Konsolata amekimbia, amepanda basi. Dada hana simu. Ndiyo maana amekuja mwenyewe.

Nikatafuta. Jina likatokea mara moja. La baba pia likalingana, na kilima. Nikafurahi, nikafungua mdomo kumwambia. Kisha jicho likafika kwenye safu ya hali. Amefariki, 29 Mei.

Nilisoma mara mbili. Nikamwambia kwa Kiha, maana kwa Kiswahili ilisikika kama tangazo. Hakulia. Aliuliza amezikwa wapi. Jedwali halina safu ya kaburi. Nikasema makaburini kambini, sijui lipi. Akauliza kama aliteseka. Nikasema sijui.

Alinishukuru. Akaondoka haraka awahi basi la kurudi, kwa sababu mama anasubiri jibu.

Jumanne, 16 Juni

Nimemfikiria kutwa. Kazi imeendelea hivyo hivyo.

Ijumaa, 19 Juni

Mama Shani, mwenye nyumba ninayopanga, ameanza mfungo wa Ramadhani. Duka lake la kanga linafungwa mapema siku hizi. Ameniletea futari, mihogo ya nazi. Nilimsimulia habari ya yule mtu wa Kumsenga. Akasema aliyepeleka habari hana dhambi. Nilipata nafuu kidogo.

Jumatano, 1 Julai

Mgao wa kwanza kwa kadi. Mpaka jana wageni walikula kwenye vyungu vya pamoja kule mapokezi, hakuna aliyeulizwa jina. Sasa wamepewa mahema yao, na kila mtu lazima awe kwenye orodha. Orodha inatoka kwenye jedwali letu. Nilipelekwa kambini kusaidia.

Watu ishirini na wawili wamerudishwa mikono mitupu. Karani anasoma: huyu amefariki. Na mtu amesimama mbele yake na gunia lake. Mwanzoni watu walicheka. Mzee mmoja alijifinya mkono, akawaonyesha wenzake. Alipofika wa tano hakuna aliyecheka tena.  Mwanamke mmoja alisema huko alikotoka, mwenye kalamu akikuandika hivyo, mwenye panga hayuko mbali.

Wote ni wa basi namba kumi na saba. Niliposikia namba hiyo nikaikumbuka njia yangu ya mkato.

 Kwenye gari wakati wa kurudi sikumwambia mtu.

Alhamisi, 2 Julai

Nimeona.

Mzee Mathias alifariki zahanati ya kambi tarehe 29 Mei, kwa kuhara. Muuguzi alileta taarifa, ikaingizwa. Siku nne baadaye mimi nikaunakili mstari wake. Nilibadilisha majina, jinsia na miaka. Hali sikuigusa, wala tarehe ya kufariki. Nimempa kila mtu kifo cha Mathias.

Konsolata yumo. Wa kumi na sita.

Nilikaa nimeshika kichwa. Halafu nikahesabu. Nakala ni ishirini na tatu. Waliorudishwa jana ni ishirini na wawili, na hakuna aliyeandika majina yao. Mmoja hakuja. Nani?

Nikaenda kwa Bwana Lutengano nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akasema watu hawa hawajala, kesho asubuhi wanapewa mgao wa ziada, kwa hiyo rekebisha sasa hivi. Nikaomba kwanza niende hema kwa hema, maana mmoja hatujui alipo. Akasema huyo alichelewa foleni, basi. Njaa haingoji mimi nitembee. Katika hilo alikuwa na haki.

Nikaandika amri moja: weka 'hai', futa tarehe ya kufariki, pale ambapo basi ni kumi na saba na hali ni 'amefariki'. Kompyuta ikajibu kuwa mistari ishirini na minne imebadilishwa. Nilikuwa na ishirini na tatu kichwani. Nikadhani nimehesabu vibaya. Akili yote ilikuwa Kumsenga.

Ijumaa, 3 Julai

Siku mbaya kuliko zote. Naandika kama ilivyokuwa.

Karani alikuwa anaita majina kwa kipaza sauti. Mtu anakuja, anachukua unga, njegere, mafuta. Alipofika wa nane akaita Mathias, na jina la baba yake. Hakuja mtu. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, kwa nguvu, kama mtu anayemwamsha aliyelala.

Akatokea mwanamke mtu mzima kutoka foleni ya mabasi mengine. Hakukimbia. Alitembea, watu wakampisha. Anonsiata, mjane wake, aliyekuja kwa basi jingine. Alisimama mbele ya meza akaangalia nyuma yetu, kwenye lori, kwenye magunia, nyuma ya turubai.

"Mmemwita," alisema. "Yuko wapi?"

Karani alinitazama mimi.

Mstari wa ishirini na nne ni Mathias mwenyewe. Niliandika "basi kumi na saba" na yeye alikuwa wa basi hilo. Niliwafufua wote kwa pamoja, pamoja na aliyekufa kweli.

 Mimi nilijua la kumwambia, na sikulisema. Nilirudi nyuma ya lori nikajificha. Kina mama wawili wakamshika mikono, akarudishwa hemani bila mgao wake. Mimi ni mwoga. Lazima liandikwe mahali fulani, basi liandikwe hapa.

Jumamosi, 4 Julai

Leo si siku ya kazi. Nimeomba lifti ya gari la maji, nimekwenda kambini na karatasi na penseli. Hema kwa hema, kwa miguu. Nataka kumwona kila mtu uso kwa uso.

Hema la Konsolata lilikuwa tupu. Mkeka, sufuria moja, sanduku la bati. Jirani alisema hajamwona tangu asubuhi, pengine ameenda kuni. Pengine. Niliendelea na wengine. Ilipofika saa saba nilikuwa nimewaona ishirini na mmoja. Majina mawili yamebaki: Konsolata, na mtoto wa miezi mitano anayeitwa Divine.

Mama yake Divine ni msichana mdogo. Yeye mwenyewe nilishamwona asubuhi; nilirudi nikamkuta anafua. Nilimsomea jina la mtoto, nikamwambia tulikosea, tulimwandika amefariki, naomba nimwone. Hakuinua kichwa.

"Huyo mlimwandika sawa," alisema.

Alikufa tarehe kumi Juni. Mimi tarehe mbili nilimwandika amekufa, akiwa mgongoni mwa mama yake, mzima. Juzi nikamwandika yu hai. Mara zote mbili nilikosea. Nilipiga magoti pale kwenye maji ya sabuni nikamwomba radhi. Akaendelea kufua. Baadaye kidogo alisogeza beseni ili nisilowe.

Konsolata alirudi saa tisa na mzigo wa kuni kichwani. Mrefu, mweusi, sauti ya kukwaruza. Nilimwomba atue kwanza. Nikamwambia kaka yake Filberti alikuja kumtafuta, na nilichomjibu, na kwamba bila shaka wameshaweka matanga. Alikaa juu ya mzigo wake.

Hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama mama ameambiwa. Nikasema ndiyo, nadhani.

"Mama akifiwa huwa hali," alisema. "Alipofiwa na baba, kabla hajavuka mpaka, tulimlisha kwa kijiko. Wahi."

Jumapili, 5 Julai

Sikwenda kanisani. Nilishindwa kukaa kati ya watu. Mama Shani aliniuliza kulikoni, nikamwambia. Safari hii hakusema sina dhambi. Alisema, kesho panda basi. Alinifungia sukari na majani ya chai ya kupeleka.

Jumatatu, 6 Julai

Naandika nikiwa Kibondo, nyumba ya wageni.

Basi lilichukua zaidi ya saa nne, kisha pikipiki hadi Kumsenga. Nilimjua Filberti kwa mbali. Amenyoa kichwa. Watoto wake wote wamenyoa. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, akaamuru kiti kiletwe. Alidhani nimekuja kumwonyesha kaburi.

Nilisema nikiwa nimesimama. Kwamba Konsolata yu hai, nimemwona juzi kwa macho yangu, na kosa ni langu, si la mtu mwingine yeyote.  Aliniomba nirudie. Nikarudia.

Hapo nyumbani hakuna mtandao. Tulipanda kilima nyuma ya shule, mimi, yeye na mkewe. Nikampigia muuguzi wa kambini, tulikuwa tumepatana amweke Konsolata karibu. Nikampa Filberti simu. Alisema jina lake tu. Kisha akachuchumaa kwenye majani makavu, simu sikioni, akawa anasema "ego, ego, ego," ndiyo kwa Kiha, kama mtoto anayeagizwa dukani.

Tulirudi kwa mama yake. Amelala kwenye mkeka ndani, kichwa kimenyolewa, mifupa imetokeza. Wanasema ni wiki tatu sasa, maji na uji vijiko viwili. Masikio yake yamekufa siku nyingi, simu haimsaidii kitu. Filberti alimpigia kelele sikioni kwamba Konsolata hajafa. Bibi aligeuka ukutani. Akamwambia tena. Bibi akasema watu wa kumdanganya ili ale ameshawaona wengi.

Nikainama mwenyewe. Nikasema kwa sauti yote niliyo nayo kwamba mimi ndiye niliyeleta habari ya kwanza.

"Wewe ndiye uliyemzika?"

"Ndiyo, bibi. Nilimzika kwa makosa."

Alinishika kidevu, akanitazama kwa karibu.

"Basi mlete."

Jumanne, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi zote zimefungwa. Nimerudi Kasulu na vumbi hadi kwenye meno. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na leo hakuna wa kukitia sahihi. Nina hasira na kalenda.

Jumatano, 8 Julai

Nimepewa barua ya onyo. Nimeitia sahihi. Ni ya haki.

Kisha nikaweka mezani kwa Bwana Lutengano barua yangu, ya kumwombea Konsolata kibali cha siku tatu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Aliisoma, akachukua kalamu akaongeza sentensi moja chini, kwamba kosa ni la ofisi nzima na yeye ndiye aliyeamuru marekebisho ya haraka. Akatia sahihi yake. Hatukutazamana.

Mathias na mtoto Divine nimewarekebisha leo, kila mmoja kwa namba yake mwenyewe. Nilisoma amri mara nne kabla ya kubonyeza.

Ijumaa, 10 Julai

Kibali bado. Wanasema mwenye muhuri yuko Kigoma.

Jumamosi, 11 Julai

Nimekwenda hemani kwa Anonsiata kumwomba radhi. Nilisema yote, hata la kujificha nyuma ya lori. Alinisikiliza.  Nilikaa hadi ikawa wazi kwamba anangoja niondoke.

Jumatatu, 13 Julai

Kibali bado. Nimekaa kwenye benchi la ofisi ya vibali tangu asubuhi hadi kufunga. Najua sasa kila msumari wa mlango ule. Filberti alipanda kilima akanipigia kwa simu ya jirani: bibi ameacha hata uji.

Jumanne, 14 Julai

Kimetoka. Saa tisa na nusu alasiri.

Jumatano, 15 Julai

Kumsenga, mimi na Konsolata. Njiani hakusema nami ila mara moja, kuuliza kama mto tuliovuka ni Malagarasi. Alikuwa amevaa kitenge cha kuazima. Tulipokaribia aliomba pikipiki isimame, akatembea sehemu iliyobaki.

Watu walikuwa wamejaa uani. Wale wale waliokuja matangani, Filberti aliwaita kwa makusudi. Wengine walirudi nyuma walipomwona. Mama mmoja aliweka kanga mdomoni. Filberti alimkumbatia dada yake mlangoni, kisha akanigeukia na kusema, mbele ya wote, nieleze. Nikaeleza. Jinsi nilivyonakili, nilichobadilisha na nilichosahau.  Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na sikutaka iishe haraka.

Konsolata aliingia ndani peke yake. Mlango uliachwa wazi, tukaona. Bibi hakupiga kelele. Alimpapasa uso, masikio, mabega, akateremka hadi kwenye mikono, akaigeuza akatazama viganja. Akavirudisha viganja vile kwenye mashavu yake mwenyewe. Akasema kitu tusichokisikia. Konsolata akatoka akatuambia, kwa sauti yake ile ya kukwaruza, kwamba mama anataka uji, na usiwe mwepesi.

Mke wa Filberti alikimbilia jikoni huku akilia.

Nilitaka kuondoka. Filberti alisema hajanisamehe bado, hilo atalifanya kwa wakati wake. Lakini mtu hatoki nyumbani kwake na njaa. Akanikalisha, nikaletewa ugali wa muhogo na maharage. Nilikula huku ananitazama.

Jumamosi, 18 Julai

Idi. Pilau kwa Mama Shani. Konsolata amesharudi kambini, kibali kimekwisha. Wameanza kuomba ahamie kwa mama yake moja kwa moja. Itachukua muda, na huenda wakakataliwa. Bibi anakula. Muuguzi wa Kumsenga anasema moyo wake ni dhaifu sana.

Sasa nikipata basi zima la kilima kimoja, naandika mtu mmoja mmoja. Bwana Lutengano ameona kasi imepungua. Ameniacha niendelee.

Jumamosi, 25 Julai

Nimerudi kwa Anonsiata. Sikuitwa. Nilimkuta nje ya hema anachambua maharage kwenye ungo. Nilisalimia, akaitika. Nikakaa chini, nikaanza kuchambua upande wangu wa ungo. Hakunizuia. Tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa unatikisa turubai.

Kisha akaniuliza mume wake sasa ameandikwaje. Nikasema amefariki, tarehe 29 Mei. Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza, na yeye je. Nikasema kwenye safu ya ndoa ameandikwa mjane.

Alifikiri. Alitupa jiwe dogo alilolipata.

"Mjane nimekuwa miezi miwili. Mke wa Mathias nimekuwa miaka thelathini na minane. Hilo halina pa kuandikwa?"

Nikasema safu ile inapokea neno moja tu. Lakini mwishoni ipo safu ya maelezo, ambayo hatuijazi kamwe kwa sababu ya haraka. Nilitoa penseli na karatasi mfukoni, nikaandika palepale, mbele yake, nitakachokiingiza Jumatatu. Hajui kusoma. Aliomba nimsomee.

Nikasoma: Anonsiata, mke wa Mathias, miaka thelathini na minane.

Akaacha kuchambua. Aliomba nisome tena.

Nikasoma tena.